Mwana wa Bamvua: nguvu ya vitani hailipwi kwa masharti ya hadithi

Swali: Assalaam aleikum kaka. Naendesha mchezo wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, dadu zikiamua) hapa Wete, tuko watano, tunatumia kanuni za mwaka 2014 tulizozifasiri wenyewe. Nimemtungia binti ami yangu tawi jipya la klasi (aina ya mhusika) ya druidi, mchawi wa maumbile, nimeliita Mwana wa Bamvua, yaani wa maji makubwa ya bahari. Kuanzia leveli ya 2, kila akipiga anaongeza dadu mbili za pande nane. Ili asiwazidi wenzake nimempa masharti matatu: siku asiyokanyaga maji ya chumvi nguvu hana, nyama ya nchi kavu hali, na kila mwezi mpevu apeleke sadaka baharini. Tukiwa pwani anawamaliza maadui peke yake, mpaka mwenzetu anayecheza mpiganaji kasema haoni haja ya kuja. Tukiingia bara anakaa anachezea simu. Nikipunguza nguvu ananuna. Nikiondoa masharti, tawi linakuwa kama matawi mengine. Nipunguze kipi? Mwengine anataka nimtungie kiti wa ruhani, mtu anayepandwa na pepo, naogopa yatakuwa yale yale. Na tukimaliza, tunaruhusiwa kulisambaza?

Jibu: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Ukipunguza kimojawapo leo, mwezi ujao mtakuwa pale pale. Umeuza kitu cha vitani ukapokea malipo ya hadithini, na hapo ndipo palipoharibika. Ni kama mtu achukue kilo mbili za mchele dukani alipe kwa salamu: salamu ni njema, lakini mwenye duka jioni akihesabu atakuta pengo.

Yatazame masharti yako moja moja, ujiulize nani hasa anayeyalipa.

Sharti la maji ya chumvi unalilipa wewe. Kila hadithi ikielekea bara au ikiingia pangoni, inabidi uwaze binti ami yako atafanya nini. Ukimwonea huruma unazua ziwa la chumvi mahala ambapo halina maana. Usipomwonea, anachukua simu. Nyama ya nchi kavu hailipi mtu yeyote. Mhusika atakula samaki kwa muhogo, na hakuna dadu hata moja itakayogeuka kwa sababu hakula mbuzi. Sadaka ya mwezi mpevu wanailipa wenzake, kwa sababu watu wanne wanaacha kazi waliyonayo warudi pwani kwa ajili ya mmoja. Hakuna hata sharti moja linalomgusa yeye pale anaporusha zile dadu mbili.

Kosa hili limo hata kwenye kanuni mnazozitumia. Kanuni za 2014 zinasema druidi hatovaa deraya ya chuma wala kushika ngao ya chuma, na hazisemi akivaa itakuwaje. Kwa hiyo kila meza ina ubishi wake: wengine wanasema nguvu zinamtoka, wengine wanasema ni imani yake tu. Sharti lisilo na hesabu huishia kwenye majadiliano, na mwenye maneno mengi ndiye anayeshinda.

Sasa hesabu yenyewe, maana nyinyi mmeihisi bila kuiandika. Chukua leveli ya 3. Tuseme kinga ya adui, yaani jumla inayotakiwa kufikiwa ili kumpata, ni 13, na mpiganaji na druidi wote wanaongeza 5 kwenye dadu ya pande 20. Wanahitaji kupata 8 kwenda juu, yaani nafasi 13 kati ya 20, asilimia 65. Upanga wa mpiganaji ni dadu ya pande nane na nyongeza ya 3. Wastani wa dadu ya pande nane ni 4.5, kwa hiyo pigo lake ni 7.5, na ukitia asilimia 65 unapata kiasi cha 4.9 kwa zamu. Druidi wako anarusha mwali wa moto wenye dadu moja ya pande nane, 4.5, halafu wewe umemwongezea 9. Jumla 13.5, na ukitia asilimia zile zile ni 8.8. Anakaribia kumpita mpiganaji mara mbili kwenye kazi pekee ambayo mpiganaji ameumbiwa, na mfukoni bado ana uchawi wa kuponya, kufunga njia na kuita ukungu. Huyo mwenzenu hana wivu. Amehesabu kwa macho na amepata jibu sahihi.

Kwa hiyo ndiyo, nguvu ipungue. Lakini usiipunguze ukaacha pengo. Yatoe masharti huko nje uyatie ndani ya zamu ya mchezaji, yawe ndiyo uamuzi anaoufanya. Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu matawi yote, la kwenu na la wachapishaji wakubwa: hadithi ya tawi hukaa pale mchezaji anapochagua, na isipokaa hapo imebaki jina tu. Binti ami yako, akiwa na dadu mkononi, anatakiwa awaze kama mtu wa pwani anavyowaza: maji yamefika wapi, nitoke sasa au nisubiri?

Angalia lililompata mwindaji mwenye mnyama kwenye kanuni hizo hizo za 2014. Hadithi yake inavutia sana, mtu na mnyama wake wanapigana bega kwa bega. Lakini ili mnyama ashambulie, mwindaji alitakiwa atumie kitendo chake mwenyewe cha zamu ile. Yaani kila mchezaji alipofanya kile kilichomfanya alichague tawi, yeye mwenyewe alisimama. Watu walilalamika miaka, na mwaka 2020 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo, wakatoa njia mbadala ambayo mnyama anaamrishwa kwa kitendo cha ziada, kile kidogo kinachokaa juu ya kitendo kikuu cha zamu. Nguvu ya mnyama ilikuwa sehemu tu ya tatizo. Kubwa zaidi ni kwamba hesabu ilikuwa inamwadhibu mchezaji kwa kuifuata hadithi. Tawi lako linamfanyia hivyo hivyo kila mnapoingia bara.

Nakuandikia nguvu ya leveli ya 2 upya. Tafuta kikombe cha kahawa na komwe chache za bao.

*Maji Yakijaa Hupwa.* Pigano likianza kikombe chako ni kitupu. Mwanzo wa kila zamu yako unatia komwe moja. Kikombe kinabeba tatu. Mara moja kwa zamu, kabla hujarusha dadu ya kushambulia, unaweza kutangaza kwamba maji yanakupwa, ukamwaga komwe zote. Ukimpata adui, kila komwe inaongeza dadu moja ya pande sita ya madhara au inamsukuma futi 5, ugawe utakavyo. Ukimkosa, maji yamekwenda bure. Mwanzo wa zamu yako ukikuta kikombe kimejaa na komwe mpya haina pa kuingia, maji yanafurika: kila aliye ndani ya futi 10 kutoka kwako, adui au mwenzako, asiyeshinda jaribio la nguvu anasukumwa futi 5 kwa kila komwe iliyokuwemo, na kikombe kinabaki kitupu.

Wastani wa dadu ya pande sita ni 3.5. Akimwaga kila zamu anapata komwe moja, 3.5 kwa asilimia 65, karibu 2.3. Akisubiri zamu tatu amwage zote ni 10.5 kwa asilimia ile ile, na ukigawa kwa tatu unarudi kwenye 2.3. Kusubiri hakumpi zaidi wala kumwaga mapema hakumpunguzii. Kinachobadilika ni wakati na hatari. Jumlisha na moto wake wa kawaida, 2.9, anafika 5.2 kwa zamu, na mpiganaji yupo kwenye 4.9. Mpiganaji aliyechagua mtindo wa upanga mmoja anaongeza 2 kwenye kila pigo na anafika 6.2. Wanakaa pamoja, mmoja mbele kidogo leo, mwengine kesho. Leveli ya 5, mpiganaji anapoanza kupiga mara mbili kwa zamu na moto wa druidi ukawa dadu mbili, mpiganaji anatangulia kidogo, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu mwenzake ana uchawi.

Tena usiiache ile kauli ya kutangaza kabla ya dadu. Utatamani kuilegeza, umruhusu amwage akishaona amempata adui. Ukilegeza, pigo lililokosa halitomgharimu komwe hata moja, wastani unapanda kuelekea 3.5 kwa zamu, na ile pumzi ambayo watu wote mezani wanaizuia kabla dadu haijatulia inakwisha.

Ione ikichezwa. Wahusika wako juu ya dau katika mkondo wa Pemba, maharamia wamerukia omo. Zamu ya kwanza kikombe kina komwe moja. Binti ami yako anaiacha, anamponya nahodha. Zamu ya pili ziko mbili. Mkuu wa maharamia amesimama ukingoni na futi 10 zinatosha kumtupa majini, lakini nafasi ya kumpata ni asilimia 65 tu, na akikosa anaanza upya. Anasubiri, anarusha moto wa kawaida. Zamu ya tatu kikombe kimejaa, na mpiganaji wenu yuko futi 5 kutoka kwake, kisigino kwenye ukingo. Sasa hana budi amwage, au akimbilie tezi mbali na wenzake kabla maji hayajafurika. Na mpiganaji, yule aliyesema haoni haja ya kuja, ndiye atakayepiga kelele: "Mwaga! Usiningoje mimi!" Hapo ana sababu ya kukifuatilia kikombe cha mwenzake tangu zamu ya kwanza, na wewe hujasema neno hata moja kuhusu masharti.

Bamvua yenyewe iingie hapa, na nakuomba usiitungie kalenda. Mnayo. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, au siku moja mbili baadaye, yaani jirani na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu. Maji mafu, yale madogo, huangukia jirani na tarehe 8 na 22. Tumieni tarehe ya siku mnayocheza. Mkikaa siku ya bamvua kikombe kinabeba komwe nne. Siku ya maji mafu kinabeba mbili. Siku nyengine tatu, kama kawaida. Wastani wa kila zamu haubadiliki, kwa sababu komwe bado inaingia moja moja. Kinachobadilika ni ukubwa wa wimbi: siku ya bamvua maji yakifurika watu wanasukumwa futi 20, na juu ya dau futi 20 ni baharini. Siku ya maji mafu wimbi ni dogo, lakini linafurika haraka, kwa hiyo hana muda wa kungoja. Kina mama wanaolima mwani hupanga kazi yao kwa mwezi huu huu, maana bamvua ndiyo inayotoka mbali ikaacha kamba za mwani wazi, na tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu inakaribia mita 4. Mchezaji wa Pemba anayajua haya tangu hajaenda skuli. Mpe nafasi ayatumie.

Maji ya chumvi yageuze yawe zawadi: akiwa amekanyaga bahari siku hiyo, kila pigano analianza na komwe moja kikombeni. Thamani yake ni hiyo 2.3 mara moja kwa pigano, kitu kidogo ambacho hakimfanyi awe bure bara, lakini utamwona anaomba mpite ufukweni.

Nyama na sadaka zibaki, ila uzitoe kwenye mizani ya vita. Paladini, yule shujaa wa kiapo, ana nadhiri zake na hazimwongezei dadu hata moja. Zipo ili mchezaji aulizwe yeye ni nani pale nadhiri na faida zinapogombana. Sadaka iwe hivyo. Akiisahau, asinyang'anywe komwe. Bahari imdai kwa njia yake: mtu asiyemjua anamsubiri bandarini Mkoani na kitu alichowahi kukitupa majini. Deni la hadithi lilipwe kwa hadithi.

Leveli ya 6 mpe jambo lisilo la vita kabisa, na hapa uwe mkarimu. Mimi ningempa hili: akisimama mahala maji yalipopwa, anakuuliza swali moja kuhusu aliyepita au kilichotokea hapo tangu maji yalipojaa mara ya mwisho, na wewe unamjibu kweli. Mara moja kwa kila kupwa, na maji yanakupwa mara mbili kwa siku. Uzuri wake ni kwamba linafanya kazi katika kikao cha kawaida, bila wewe kuandaa kitu. Lifananishe na muuaji wa siri wa kanuni za 2014: leveli ya 9 anapewa uwezo wa kujitengenezea utambulisho wa uongo, lakini kwa siku 7 za kazi na vipande 25 vya dhahabu. Ni wazo la kupendeza sana, na meza nyingi haliguswi, kwa sababu ni nani mwenye siku 7 wakati mji unaungua? Nguvu ya hadithi inayohitaji ruhusa ya mwendesha mchezo kila mara ni ahadi tu. Kwa watu wa bara ongeza kwamba kidimbwi cha mvua au ukingo wa mto unatosha, ila jibu liwe la ndiyo au siyo.

Kuhusu kiti wa ruhani: jengeni juu ya kile kinachojulikana na kila mtu, kwamba pepo ana matakwa yake na kiti hamwamrishi. Klasi ya mchawi mwenye ahadi, anayepata nguvu kwa mapatano na kiumbe fulani, inafaa, na kanuni ni ile ile ya malipo kulingana na kitu. Pepo akitoa nguvu vitani, achukue kitu vitani: kwa mfano, yeye ndiye anayechagua adui wa kushambuliwa zamu inayofuata, wewe ukicheza kama ruhani. Lakini aya, dua na kombe za kweli zisiletwe mezani hata kwa mapambo. Kuna watu nyumbani kwenu ambao mambo haya kwao si mchezo, na haki yao inatangulia ya tawi lako. Tungeni majina na nyimbo zenu.

Kusambaza mnaruhusiwa. Januari 2023 Wizards of the Coast waliweka hati ya kanuni za msingi za toleo la tano (ndilo hilo lenu la 2014) chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutumia, kubadilisha na hata kuuza, kwa sharti la kutaja chanzo kwa maneno yaliyoandikwa ndani ya hati yenyewe. Tawi lenu ni lenu. Jihadharini tu msinakili kurasa za vitabu ambazo hazimo kwenye hati hiyo, wala picha zao.

Kabla hujaandika leveli za 10 na 14, pigeni pigano moja mara mbili, maadui wale wale: mara ya kwanza ufukweni, mara ya pili pangoni bila maji ya chumvi. Mmoja wenu akae na daftari aandike madhara ya druidi na ya mpiganaji kila zamu, na atie alama kila binti ami yako anapositasita juu ya kikombe. Akimwaga kila zamu bila kufikiri, ongeza msukumo wa kikombe kilichojaa kutoka futi 5 hadi 10 kwa kila komwe, madhara usiyaguse. Akisubiri kijae kila mara, basi maadui wako wanasimama pamoja mno, watawanye. Na mpiganaji akiwa bado nyuma kwa zaidi ya pointi mbili kwa zamu, shusha dadu za komwe kutoka pande sita hadi pande nne, mrudie pigano lile lile. Leveli ya 10 iandike hesabu ikishatulia. Ya 14 ingoje mpaka wahusika wenu wafike ya 9, kwa sababu kufikia hapo yeye mwenyewe atakuwa anajua bahari yake inataka kufanya nini.